Mwalimu Nchagwa Akataa Kiapo

Pale Nyamwaga, ukitaka kumuudhi Mwalimu Nchagwa, mwambie fulani ni mwema kwa sababu anaogopa moto wa milele. Atakuuliza, "Na moto ukizimwa?" Kisha atakushikilia hapo hapo mpaka uji wako upoe. Alifundisha uraia miaka mingi, akastaafu, ila maswali hayakustaafu naye. Kanisani haingii, na kwenye matambiko vilevile haendi. Lakini msiba ukitokea, yeye ni wa kwanza kufika na jembe la kuchimbia kaburi, na wakati wa sala husimama pembeni, kofia mkononi, akingoja wenzake wamalize. Watu walimsema sana. Teresia naye alimsema, mpaka yalipomfika.

Teresia aliolewa kwa nyumba ntobhu, ndoa ya mwanamke kwa mwanamke. Bibi Mogesi, mjane asiyejaliwa mtoto wa kiume, alitoa ng'ombe kwa wazazi wake kule Itiryo, akamleta awe mke wa nyumba yake, na watoto atakaowazaa wawe wa nyumba hiyo. Waliishi kwa kupendana, wakilima mahindi na migomba. Mogesi alipofariki mwaka jana, hata matanga hayajaanuliwa, shemeji yake Machage, ndugu wa marehemu mumewe, akadai kwamba ng'ombe hawakutolewa kamwe. Bila ng'ombe hakuna ndoa, na bila ndoa Teresia na watoto wake ni wageni tu. Wafunge virago.

Wazazi wa Teresia walikwisha kufa. Aliyebaki wa kumshuhudia ni Nchagwa peke yake, na Nchagwa ni mdogo wake Machage, tumbo moja.

Wazee wakaitisha iritongo, baraza la ukoo. Desturi inajulikana: shahidi huapa kwanza, kwa Biblia au kwa kiapo cha mila, kila mtu na anachokiogopa. Kabla ya siku hiyo Teresia alikwenda kwa Mwalimu, amekonda kwa mawazo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Najua kilichokuleta."

"Shika tu hiyo Biblia. Itakuuma?"

"Haitaniuma. Lakini nitakuwa nimeanza ushahidi wangu kwa uongo."

"Na watoto wangu watalala wapi na huo ukweli wako?"

Teresia aliondoka akimlaani kimoyomoyo. Mtu mzima, mwenye mvi zake, anashindwa kugusa kitabu! Hata mimi ningemlaani.

Barazani Machage aliapa upesi upesi, kama mtu anayemeza dawa chungu. Nchagwa alipoitwa akakataa, wazee wakaguna, na Machage akadakia: "Huyu hana Mungu, hana mizimu. Akidanganya atamwogopa nani? Ushahidi wake uacheni." Teresia aliinamisha kichwa, akaanza kufikiria sufuria zipi zibebwe kwanza.

"Ni kweli siapi," Nchagwa alisema. "Nisikilizeni hivyo hivyo. Huyu mama akifukuzwa, shamba la Mogesi tunagawana mimi na kaka yangu. Upande wangu ni ule wa mtoni, wenye rutuba. Nautamani, sitawaficha. Lakini ng'ombe walitolewa. Niliwaswaga mimi mwenyewe hadi Itiryo, na kaka yangu alikuwa nyuma yangu na fimbo."

Machage alitazama vidole vyake vya miguu. Mzee Waitara, mkuu wa baraza, akasema, "Hapa watu huapa ili wapate. Huyu amekataa kuapa, na anasema ili akose. Mnataka kiapo gani tena?"

Teresia akabaki na nyumba yake. Alilia mbele za watu wala hakuona haya.

Tangu siku hiyo Machage hasemi na mdogo wake. Wakikutana njiani, huvuka upande wa pili. Teresia naye hushukuru mpaka Mwalimu anachoka: leo ndizi, kesho maziwa, mara watoto wamekuja kumpalilia bila kutumwa na mtu. Juzi alimwambia, kwa woga kidogo, kwamba kila Jumapili watu wakipewa nafasi ya kutoa shukrani, yeye humtaja kwa jina.

Alijiandaa kuulizwa habari za moto. Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akachelewa kuivaa tena.

"Na Machage, unamtaja?"

"Simtaji."

"Mtaje," alisema. "Ni kaka yangu."