Dereva Aliyepokea kwa Kushoto

Nilipoanza kujitolea kwenye ile treni ndogo ya watalii kwenye ufukwe mmoja wa huku ughaibuni, nilimchukia dereva wake kwa wiki sita nzima. Nasema kumchukia, wala sipunguzi neno. Mimi nimezaliwa Tanga, nikalelewa na bibi ambaye kwake mtu akipokea kitu chako kwa mkono wa kushoto amekutukana, hata kama hakufungua mdomo.

Treni yenyewe ni ya zamani, ya mvuke, na reli yake ni nyembamba kiasi kwamba mtu mzima anaweza kuweka mguu mmoja huku na mwingine kule. Inatoka karibu na duka la aiskrimu, inaufuata ufuo hadi kwenye bwawa la kuogelea lililochongwa miambani, kisha inarudi. Hakuna anayelipwa. Ni wastaafu wanaoipenda kuliko nyumba zao, na mimi, muuguzi mhamiaji kutoka kitongoji cha Merrylands, niliyekwenda mara moja kutembea tu, nikakaribishwa chai, nikarudi kwa ajili ya chai hiyo. Wanangu wamekuwa watu wazima na Jumapili zao si zangu tena. Nyumba ikiwa kimya mno siwezi kukaa ndani.

Kazi yangu ilikuwa kukabidhi fimbo. Njia ni moja tu, na siku za watu wengi treni huwa mbili, zinapishana katikati. Kwa hiyo dereva haruhusiwi kuondoka mpaka awe ameishika fimbo ya shaba inayotunzwa stesheni. Mwenye fimbo ndiye mwenye njia. Nilipofundishwa hivyo nilifurahi, nikaona kumbe na hawa wana adabu zao. Basi Jumapili ya kwanza nikasimama jukwaani na kofia yangu, nikaishika fimbo kwa mikono miwili kama ninayempelekea mkwe maji ya kunawa, nikamnyooshea yule dereva, mzee mwenye mvi. Akaichukua kwa kushoto bila kunitazama.

Nikasema labda mawazo yalikuwa mbali. Safari ya pili, kushoto. Ya tatu, kushoto. Jumapili iliyofuata nikapika vitumbua, nikampelekea mwenyewe hadi kwenye injini. Kushoto. Akasema asante, vitamu sana, na mimi damu inanichemka. Nikajiapiza hatakula tena cha kwangu. Wiki zilizofuata nilipitisha bakuli kwa kila mtu, nikamruka yeye. Mzee wa umri wa baba yangu! Sijivunii hilo hata kidogo.

Rafiki yangu mmoja, muuguzi mwenzangu Mkenya, alichoka kunisikiliza. Siku hiyo tulikuwa kwenye treni ya Campbelltown, tunakwenda zamu ya mchana, na ile safari ni ndefu, mtu hana pa kukimbilia.

“Ai, kwani ni lazima uende?” aliniuliza. “Sunday yako ya off unaipeleka beach kukasirikia mzee wa wenyewe?”

“Ananidharau. Kila siku kushoto. Hata kitumbua!”

“Na mkono wa right huwa ameshikilia nini?”

“Hakuna. Huwa ameutia mfukoni.”

“All the time?”

“Muda wote.”

Rafiki yangu alinitazama, nami nikamtazama, na treni ikapita vituo viwili. Miaka yote hii nimeshika mikono ya wagonjwa. Mtu akiingia wodini kaficha mkono mfukoni, huwa namwomba autoe kabla hajakaa. Lakini kwa mzee huyu sikuwa muuguzi, nilikuwa mjukuu wa bibi yangu, nimenuna. Nilitahayari mpaka masikio yakapata moto.

Jumapili iliyofuata nilimtazama vizuri. Mkono ulitoka mfukoni mara moja tu, alipotaka kushika breki, nao ulikuwa unatetemeka. Akaukandamiza kwenye paja, akapeleka wa kushoto badala yake, na treni ikapitiliza jukwaa kwa urefu wa behewa zima. Wenzetu wakacheka. Ilikuwa imepitiliza namna hiyo kwa wiki kadhaa, na sote tulikuwa tukimtania kwamba usingizi umemzidi. Siku hiyo mimi sikucheka.

Mchana ulipoisha na abiria wakaondoka, nilimfuata alipokuwa akizoa majivu. Tuliongea Kiingereza, lakini maneno yale nayakumbuka kwa Kiswahili, sijui kwa nini.

“Huo mkono umemwonesha daktari?”

“Ni baridi tu.”

Ilikuwa Januari, ambayo huku ni katikati ya joto, na lami ya pale tunapoegesha magari ilikuwa inanata kwenye viatu. Nikamwacha alisikie jibu lake mwenyewe.

“Ukiwaambia wenzetu, wananishusha leo hii,” akasema. “Mke wangu alishafariki. Nyumbani naongea na redio. Hapa mimi ni dereva.”

“Najua.”

“Hujui. Wewe hata salamu unanitupia.”

Hapo ilinibidi nimweleze kisa chote, bibi yangu, fimbo, vitumbua, yote. Alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi ya injini. Kisha macho yakamjaa machozi.

“Mimi nilidhani umegundua,” akasema. “Kila uliponikunjia uso nilijua leo ndiyo leo, umeshanisema.”

Kumbe wiki zote zile mimi nilikuwa nimekasirika na yeye alikuwa anaogopa. Nilitamani yaishie pale, tucheke, nimwachie siri yake. Moyo wangu wote ulitaka hivyo. Lakini nilikuwa nimeiona breki.

“Abiria wako ni watoto,” nikamwambia. “Na wanaokatiza reli pale kwenye kivuko ni watu wanaotazama bahari. Una mpaka Jumapili ijayo, mzee wangu. Usipowaambia wewe, nitawaambia mimi. Na kwa daktari nitakusindikiza, kila mara utakapoitwa, hata ikibidi nibadilishane zamu.”

Akaendelea kuzoa majivu. Nilirudi nyumbani nikilia ndani ya treni kubwa mbele za watu, nikijiona nimemnyang’anya mtu kitu cha mwisho alichobaki nacho.

Jumapili ile alikuja amevaa shati jeupe, bila ovaroli. Alikuwa amewaambia asubuhi, kabla sijafika. Kwenye injini alikaa mama mmoja ambaye kwa miaka alikuwa msaidizi wake wa kuchochea moto. Mzee mwenyewe alisimama jukwaani kama mgeni, hajui miguu aiweke wapi. Siku hiyo nilikuwa nimepangiwa kukagua tiketi, nikamwambia apande nami behewa la kwanza. Hakuwahi kupanda treni ile kama abiria. Akaniuliza kwa upole akae upande gani, nikampa dirisha la baharini.

Hatukufika mbali akaanza kulalamika. Tunakwenda polepole mno. Mvuke unapotea bure. Mama yule anapiga firimbi mapema. Nikamwambia abiria hawaingilii kazi ya dereva, atulie. Akatabasamu, nami nikashusha pumzi, maana tangu asubuhi nilikuwa naogopa kwamba hatanisamehe.

Pale kwenye kivuko, mama mmoja aliingia relini akisukuma kigari cha mtoto, simu iko sikioni, uso ameuelekeza kwenye mawimbi. Firimbi ililia. Hakugeuka. Breki zikakamata kwa nguvu, abiria wakasukumwa mbele, tiketi zikanimwagika, na treni ikasimama hatua chache tu kutoka kwake. Ndipo alipogeuka, akainua kiganja kuomba radhi, akaendelea na simu yake na kigari chake mpaka mchangani.

Watu wakaanza kucheka na kuokota vitu vyao. Mzee alikuwa bado anakitazama kile kigari.

“Ningemgonga,” akasema.

Ni kweli, angemgonga. Nilikaa karibu naye, nikauchukua mkono wake wa kulia, nikaushika kwa mikono yangu yote miwili. Safari hii hakuuficha. Treni ikaondoka tena taratibu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeachia mpaka tulipofika bwawani.