Mtawa wa Adjeley bado harudi mweupe

Jua linachungulia juu ya mabati wakati Adjeley Sowah anamaliza ngazi ya chuma na kukanyaga paa la ghala moja kwenye makutano ya barabara, jijini Accra. Chini, malori yameshaanza kupigiana honi. Anazima pampu, anafungua kishikilio na kutoa kwa koleo ndogo karatasi ya mviringo. Jana ilipanda nyeupe. Leo ina rangi ya majivu.

"Ndiyo hewa yetu hiyo," anasema. "Ukiivuta huioni. Mimi huku juu naikamata."

Adjeley, mwenye umri wa miaka 34, ni fundi wa kikundi cha watafiti wa kemia ya hewa katika chuo kikuu kimoja jijini. Maprofesa huandika, wanafunzi hupiga hesabu, yeye hupanda ngazi. Huu ni mwaka wa sita.

Kila safari hubeba karatasi mbili. Moja huwekwa kwenye pampu ivute hewa. Ya pili hupanda na kushuka bila kuwekwa popote, ili ithibitishe kwamba hakuna uchafu ulioingia njiani. Wanafunzi wameibatiza mtawa, kwa kuwa huenda kila mahali na haguswi na kitu.

Februari mwaka jana, watawa walianza kurudi wa kijivu.

"Dada Adjeley, mtawa wako ameanza kuvuta sigara," alimtania Kwabena Asiedu, mwanafunzi wa uzamivu anayezipima karatasi hizo kwenye mizani.

Wiki ya kwanza walicheka. Wiki ya tano hakuna aliyecheka, maana mtawa akichafuka, karatasi zote alizosafiri nazo haziaminiki tena. Walibadilisha mabegi, wakabadilisha hata dereva. Adjeley aliosha vishikilio mpaka vidole vikachubuka, na huku kuna jambo hakuwa amewaambia wenzake.

Kanuni inataka karatasi zipangwe kwenye vishikilio ndani ya kabati la kioo, katika maabara. Lakini kila jioni foleni ilipomchelewesha mpaka maabara ikafungwa, alikwenda nazo tu kuzipanga nyumbani, juu ya meza ya chumbani, kwa glavu na spiriti.

"Sikuona kosa," anasema. "Ile meza ilikuwa safi kuliko madhabahu."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Aliungama mbele ya kiongozi wao, Profesa Efua Quansah, akijua anafukuzwa. Profesa akamuuliza.

"Ulisema ulihama Februari. Ulihamia wapi?"

"Kwa mama, Prof."

"Na mama anafanya kazi gani?"

Adjeley anasema hapo ndipo alipoelewa. Mama yake, Maa Lamiley, hukausha samaki kwa moshi. Matanuri yake matatu ya udongo yako uani, hatua nane kutoka dirisha la chumba alicholala Adjeley na binti yake wa miaka minne, Ayorkor, ambaye kikohozi chake walikuwa wakikitibu kwa asali na tangawizi.

Pampu ilifungwa chumbani humo kwa siku moja. Kwabena alipima mara tatu akidhani mizani imeharibika. Masizi yalikuwa mara kumi na moja ya yale ya makutano ya barabara.

"Nilishtuka, na mpaka leo sijatulia," anasema Adjeley. "Miaka yote naufukuzia moshi juu ya mapaa ya watu, kumbe mwanangu analala nao." Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Kazi ikawa kumwambia mama.

"Moshi huu ndio uliokusomesha," Maa Lamiley alimjibu, akigeuza samaki kwa mikono mitupu. "Leo una cheti, unakuja kuutukana?"

"Siutukani, Maa. Tazama tu."

Aliweka karatasi mbili juu ya sinia, ya kijivu na nyeusi.

"Hii nyeusi ndiyo ya kwenye malori?"

"Hapana, Maa. Hiyo ni ya kando ya kitanda cha Ayorkor."

"Ya mwezi mzima?"

"Ya siku moja."

Mama huyo, ambaye soko zima linauogopa mdomo wake, aliichukua ile nyeusi. Aliketi juu ya ndoo akiitazama karatasi mpaka samaki wakaungua. Siku hiyohiyo kitanda cha mtoto kilihamishiwa chumba cha mbele.

Karatasi 212 zilitupwa. Adjeley ameanza upya kuanzia namba moja, safari hii akiwa na ufunguo wa maabara. Matanuri mawili yamejengewa mabomba ya kutoa moshi juu. La tatu, lile kubwa, Maa Lamiley alikataa lisiguswe mpaka msimu wa Agosti upite, kwa kuwa ndilo linalomlisha.

Kila Ijumaa Adjeley huacha mtawa mmoja wazi kutwa kucha kando ya kitanda cha Ayorkor. Asubuhi bibi ndiye humchukua, kabla ya kuwasha moto, akampeleka mlangoni penye mwanga.

"Siku atakayorudi mweupe, mwambie profesa wako aje ale kenkey kwangu," humwambia Adjeley.

Wiki iliyopita alirudi wa kijivu. Maa Lamiley alimkabidhi Adjeley mtawa huyo, akachukua mchi wa kinu, akatoka kwenda uani kulivunja tanuri kubwa.