Nilingoja wazee waketi, muda wa kulalamika ukaisha

Wakuu, habari zenu. Niko na kitu imenifanyikia na nataka kuiweka hapa vile ilikuwa. Sitaongeza chumvi, yenye iko inatosha kuniuma.

Majina nimebadilisha. Na kama unafanya kazi ofisini kwetu na unasoma hapa kimya kimya, endelea tu. Najua mko.

Mimi ni mkaguzi wa nyama, mwajiriwa wa serikali. Asubuhi nafika kichinjioni, naangalia nyama, ile iko sawa naigonga muhuri. Bila muhuri mwenye bucha hawezi kuuza. Hiyo kazi nimeifanya Mukurweini mpaka watoto wangu wakamaliza shule hapo.

Sasa, nilikuwa mgonjwa, nikapewa off. Kurudi, napata nyama ilichinjwa nikiwa kitandani na imegongwa muhuri wangu.

Nikauliza boss. Akaniambia, "Ulitaka watu wakose nyama juu wewe ni mgonjwa?"

Nikamuuliza, kwani nani aliangalia hiyo nyama? Akarudi kwa simu yake. Nikaandikia wakubwa wake ripoti, na nikaweka jina langu, kwa sababu sikuwa nasengenya mtu.

Haikukaa, nikapewa transfer ya Mweiga. Sina shida na Mweiga, ni watu wazuri. Lakini huko nimepelekwa store ya dawa za mifugo, na funguo ya store sijapewa. Nakaa kwa benchi nje na sweta mbili, naangalia watu wakipita na viazi. Kama hiyo si adhabu, niambieni ni nini.

Binamu yangu ni wakili Nanyuki. Akaniambia kitu yenye sikujua: ukiadhibiwa kwa sababu uliripoti, unaweza kulalamika, lakini kuna muda. Ukipita, faili yako inaweza kurudishwa bila kusomwa. Akaniambia nisilale.

Nilikuwa nimeanza kuandika. Ndio Mzee Gachanja akakuja kwangu.

Huyu ni mzee wa kanisa letu. Baba yangu alipokufa, yeye ndiye aliketi mahali pake siku ya ruracio yangu, akapokea wageni wa mahari. Siwezi kumkatiza akiongea. Boss pia anaabudu kwetu.

Akaniambia, mke wake akiwa hapo kando, "Mwanangu, hii maneno ni ya nyumbani. Tutaketi na yeye, atakurudisha. Lakini kesi haiwezi kuwa kwa wazee na iwe kwa ofisi. Usipeleke mahali kwanza."

Wale si wa huku mtaniona mjinga. Kwetu hiyo ndiyo njia. Ukienda ofisini wazee wakiwa wameshika maneno yako, umewatukana, na siku yako ya shida hakuna mtu atakuja. Nikaweka karatasi chini.

Tukapanga siku. Kukawa na mazishi. Tukapanga ingine, boss akawa na semina. Halafu mzee mwingine akashikwa na kifua. Mimi sikatai, watu wanakufa na watu wanakohoa.

Lakini kila mara Mzee Gachanja akipiga simu, akimaliza salamu anauliza, "Na bado hujapeleka mahali, sivyo?"

Mara ya kwanza nilidhani ananijali. Baadaye nikaanza kujiuliza mbona haulizi niko aje huko Mweiga.

Halafu Jumapili moja nikaona gari ya boss imetoka kwa Mzee Gachanja. Nikamuuliza. Ati alikuwa ameletewa miche ya ndizi. Wakuu, Mukurweini? Mtu atoke na gari akuletee ndizi Mukurweini, na kila shamba hapa limejaa ndizi? Bwanangu akasema nimeanza kuona wachawi kila mahali. Lakini sikulala vizuri.

Mwishowe simu ikaja: wazee wako tayari, kuja Jumamosi. Nikampigia binamu yangu nikiwa na furaha. Akaniambia muda wa kulalamika uliisha hiyo wiki, katikati.

Nilienda hivyo hivyo. Boss akakula mukimo, akasema transfer ilitoka juu na mikono yake imefungwa, tukaombewa, tukaachana. Hata chai haikuwa imepoa.

Binamu akaniambia bado naweza kuomba malalamiko yapokelewe yakiwa yamechelewa, bora nieleze sababu. Nipate mtu wa kuandika kwamba wazee waliniambia ningoje.

Nikaenda kwa Mzee Gachanja. Akanisikiza mpaka mwisho, akasema polepole, "Mimi nilisema tuombe. Sikukuambia usiende."

Nikaangalia mke wake. Akachukua kikombe yangu, na ilikuwa imejaa, akaenda nayo jikoni. Nililia nikitoka kwa hiyo boma, sioni haya kusema.

Pengine alitumwa na boss. Pengine ni mzee tu ameogopa karatasi ya serikali. Mpaka leo sijui, na hiyo ndiyo inanimaliza, kwa sababu bado tunasalimiana kanisani.

Kile nimejifunza: heshimu wazee, waketi, mkule, muombe. Lakini peleka malalamiko yako kwanza. Ukirudishwa kazini utayaondoa, na kama mzee atakasirika kwa sababu umeyapeleka, jiulize anakasirikia nini. Muda wa ofisi haungojei mazishi ya mtu. Na usitegemee hii hadithi yangu, uliza wakili muda wako ni upi.

Mimi nimeshapeleka, nimeomba wanisamehe kuchelewa. Pale pa shahidi nimeandika jina la mke wa Mzee. Yeye hajui.

Hapo ndipo nataka mnisaidie. Nimwambie sasa, na nikimwambia bwana yake atajua hiyo jioni, ama ningoje aitwe, aulizwe mbele ya watu alisikia nini? Matusi wekeni kando. Mwenye amepitia kitu kama hii aseme alifanya nini.