Paipu ya Juu

Hadi leo sijaelewa ilikuwaje aliyebuni baiskeli ya kubeba magunia asahau kwamba wabebaji wengi wa magunia huvaa sketi.

Sokoni Ishiara, mjane mmoja alimpelekea fundi wa kuchomelea baiskeli aliyoachiwa na mumewe. Bila hiyo, ndengu zake zingeozea nyumbani.

"Fundi, kata hii paipu ya juu. Sketi hainiruhusu kuvusha mguu."

"Hiyo haikatwi, mama." Fundi akazifuata paipu kwa kidole: ya juu, ya chini, ya kiti. "Hizi zimeshikana pembetatu, ndiyo maana ni nyembamba na bado zinabeba. Nikitoa moja, hizo zingine zitatanuka kama miguu ya ndama aliyezaliwa leo. Gunia litakuangusha."

Mjane akaigusa paipu mahali rangi ilipokwisha. "Mimi nilikuwa nakaa hapa, yeye akiendesha. Alitaka kunifunza. Nikamwambia, watu watasema nini?"

Watu hao, nijuavyo, hawajawahi kumbebea mtu gunia.

Ikaamuliwa paipu ibaki, sketi ipasuliwe. Mjane aliazima mkasi kwa fundi cherehani wa jirani, akaipasua mwenyewe.