Sasisho Lililomkatiza Mama Mdogo

Mpaka leo nikiona kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo cha kompyuta, nageuza uso. Walimu wenzangu wananiambia nazidisha. Hawakuwepo sebuleni kwa mama yangu, kijijini Nyegina, Jumapili ile mchana.

Mama ana ndugu mmoja tu aliyebaki hai, mdogo wake wa kike. Walizaliwa Kibara na kukulia pale ufukweni mwa ziwa, wakianika dagaa pamoja na kulala kitanda kimoja. Mama akaolewa Nyegina. Mama mdogo akasoma, akapata kazi ya kutunza wazee katika nchi ya mbali yenye baridi, akahamia huko. Bibi alipofariki, hakuja kuzika. Alituma mchango, basi. Mama aliupokea mbele ya watu, akashukuru, na tangu siku hiyo akaacha kumtaja. Simu ya ng'ambo ikiita, alikuwa anainuka kwenda kuangalia kuku wake. Miaka ikapita hivyo.

Kisha binti wa mama mdogo akanipigia. Mama yake alikuwa na uvimbe kooni, na madaktari wangeuondoa pamoja na sehemu inayotoa sauti. Baada ya hapo asingeongea tena.

"Anataka kuongea na mama mkubwa kabla ya upasuaji," aliniambia. "Anasema kuna neno lazima alitoe kwa mdomo wake mwenyewe."

Mimi nafundisha sekondari Bunda. Mwisho wa juma nilikwenda nyumbani, nikamkuta mama anachekecha unga wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa. Nilimweleza yote. Aliendelea kuchekecha mpaka chekeche likabaki na chenga tupu.

"Nitamsikiliza," alisema. "Ila nataka nimwone uso. Kwa simu mtu anaweza kusema chochote."

Macho ya mama yana mtoto wa jicho. Uso kwenye kioo cha simu anauona kama moshi. Ndiyo maana nikaamua kutumia kompyuta yangu ya mkononi, niliyoinunua duka moja mjini Musoma na ambayo siku zote ilikuwa inatumia mtandao wa shule. Ningeiunganisha na simu yangu. Nikanunua bando kubwa kuliko nilivyowahi kununua, nikajua tumemaliza.

Baada ya misa mama alivaa kitenge chake cha sikukuu, akaketi mbele ya kompyuta, amenyooka kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Mama mdogo akatokea. Alikuwa amekonda, amejifunga skafu shingoni, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kukwaruza.

"Dada."

"Nakuona," mama alisema. "Umekonda."

"Nimekonda, dada. Bado mnakulaga furu huko?"

"Furu siku hizi ni wa kutafuta. Wameisha ziwani."

Wakacheka kidogo, wote wawili kwa mpigo, kicheko kile kile. Walisalimiana tena kwa Kijita, wakaulizana habari za watu wa Kibara, nani yupo na nani hayupo. Kule hospitalini yule binti alisema anatoka nje ya chumba awaachie nafasi. Na mimi niliinuka, lakini mama akanishika mkono nibaki, kwa kuwa yeye hajui kuitumia mashine. Nikaketi pembeni, nikaangalia ukuta.

Mama mdogo akaishika skafu yake. Kisha akasema, "Dada, siku ile ya mazishi ya mama, mimi..."

Hapo hapo picha ikaganda. Mdomo wazi, mkono mmoja kwenye skafu.

Mama alisubiri. Alidhani mdogo wake ameshikwa na kilio. "Sema tu," alimwambia kwa upole ambao sikuwa nimeusikia muda mrefu. "Mimi nakusikiliza. Sema." Akangoja tena. Mwishowe akanigeukia. "Mbona hatikisiki?"

Nilichukua simu nikakuta ujumbe kwamba bando limekwisha. Nilidhani kampuni ya simu imekosea, maana mazungumzo yale yasingemaliza hata robo ya nilichonunua. Halafu nikaona pembeni mwa kioo cha kompyuta kibao kidogo kimechomoza, kichangamfu kama mhudumu wa hotelini: masasisho yako yamepakuliwa, unaweza kuwasha upya. Muda wote ule mama alipokuwa anaulizia watu wa Kibara, mashine ilikuwa inajivutia mizigo yake kimyakimya, kwa bando letu, bila kumwomba mtu ruhusa.

Simu yangu haikuwa na salio la kununua jingine. Wakala wa jirani alikuwa amefunga kibanda. Nikapanda bodaboda mpaka Kigera, nikapata, nikarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Mama alikuwa bado ameketi pale pale na kitenge chake. Kompyuta ilikuwa imejizima na kujiwasha yenyewe, na sasa kilibaki kiduara kinazunguka juu ya maandishi.

"Inasema nini?" mama aliuliza.

"Inasema tusiizime. Inamalizia kazi yake."

Mama aliitazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyetia mdomo kwenye sufuria ya wageni. Akaenda dirishani, akatema mate nje.

Nikapiga kwa simu. Yule binti akapokea kwa sauti ya chini. Mama yake alikuwa amelala. Wameshampa dawa, na alfajiri anaingia chumba cha upasuaji.

"Alisema yote," aliniambia. "Niliporudi ndani nilimkuta analia. Anasema alimaliza kila kitu, na dada yake akabaki anamkodolea macho tu bila kujibu. Anasema hamlaumu, ana haki ya kukasirika."

Kumbe na kule picha yetu ilikuwa imeganda. Mama mdogo alitoa la moyoni mwake mbele ya uso wa mama usiopepesa.

"Wewe ulisikia alichosema?" nilimuuliza.

"Nilikuwa nje. Nilitaka wabaki wawili."

Nilimwomba amwamshe. Akaenda kuuliza, wauguzi wakakataa. Nikamweleza mama. Alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja vizuri, akakiweka kwenye paja.

"Kwa hiyo anakwenda kwenye kisu akijua nimemnunia," alisema.

Jumatatu nilikuwa shuleni Bunda. Nikafungua kompyuta nione basi hicho kilichokuwa cha lazima kiasi kile. Ilikuwa na picha mpya ya mlima wenye theluji. Ilikuwa na kitufe kipya cha michezo ambayo sijawahi kuicheza. Na katikati ya kioo iliniuliza kama nimefurahia huduma, nichague nyota. Nikaifunga kwa kiganja.

Mwenzangu anayefundisha kompyuta aliniona. Nilimsimulia. Alianza kucheka, akaacha. Akaivuta kompyuta, akaingia kwenye mipangilio, akateremka chini, akafungua mlango ndani ya mlango. Palikuwa na mahali pa kuiambia mashine kwamba mtandao wa simu yangu unapimwa, yaani unalipiwa kwa kipimo, isiuguse kwa mambo yake. Palikuwa na pengine pa kuiwekea kikomo, kiasi gani tu cha mtandao iruhusiwe kuchukua inapopakua. Na pengine pa kuahirisha mpaka utakapotaka mwenyewe.

"Haya yote yalikuwemo?" nilimuuliza.

"Yalikuwemo siku zote."

"Sasa mbona yamefichwa huku?"

"Hayajafichwa. Waliotengeneza, kwao mtandao ni kama hewa. Hawajawahi kufikiria kwamba kuna mtu ananunua bando la Jumapili moja."

Akanionya nisizuie masasisho moja kwa moja, kwa sababu mengine yanaziba matundu ya wezi. Niyaruhusu hapa shuleni, siku ninayotaka. Nilimshukuru. Lakini jibu lake lilinitia kinyaa zaidi kuliko kama angeniambia ni wizi. Mwizi angalau anajua kwamba ulichonacho ni kidogo.

Upasuaji ulikwenda salama. Mama mdogo alipopata nguvu ya kukaa, nilirudi Nyegina. Safari hii nilipanga kila kitu mapema, na mazungumzo yalipoanza niliiangalia simu matumizi yanavyopanda, kama askari wa zamu. Mama mdogo alitokea na bandeji shingoni na kitundu cha kupumulia. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu ila pumzi.

Mama alimsogelea mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Mdogo wangu," alisema, "siku ile mimi sikunyamaza. Mashine ilikukata. Ulisema mazishi ya mama, basi, hapo ndipo nilipoishia. Sikukununia."

Mama mdogo alijifunika uso. Mabega yake yalitikisika muda mrefu bila sauti yoyote, na hilo lilikuwa gumu kulitazama. Kisha binti yake akamletea kibao cha kuandikia. Akashika kalamu.

"Mwambie aache," mama alisema. "Alishasema kwa mdomo wake. Mungu alimsikia. Aje aniandikie mimi nisomewe na watu? Hapana. Yameisha."

Mama mdogo akaweka kalamu chini, akaitikia kwa kichwa. Basi mama akaanza kumsimulia habari za Kibara, za mitumbwi na za nani kaoza binti yake kwa nani, naye akawa anacheka kwa macho. Waliongea, yaani mmoja aliongea, mpaka wakachoka wenyewe.

Jioni mama alinisindikiza barabarani.

"Nilitaka kujua alisema nini," aliniambia.

"Basi tungemwacha aandike, mama."

"Hapana. Sauti yake ndiyo niliyoitaka. Maandishi yanakuwaga ya mtu yeyote."

Gari lilipokuja nilipanda kurudi Bunda. Begi lenye kompyuta nililisukuma kwa kisigino chini ya kiti, mbali kadiri mguu ulivyofika.