Kambare wa Bibi na Samaki wa Waingereza

Ipo siku moja ya miaka ya tisini, mwanangu, ambayo mpaka leo ikinijia nahisi uchovu. Nilikuwa naishi hapahapa Bawshar na bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa Mwanza kando ya ziwa na kuja Oman akiwa mtu mzima. Mimi nilikuwa nasoma chuo kikuu, na kichwa kilikuwa kimevimba kwa Kiingereza.

Muhula ule niliandika juu ya samaki wa mito na mabwawa katika Uingereza ya kale. Niliyapenda mambo yale, sitakudanganya. Samaki mmoja mwenye meno makali alikuwa na jina lake akiwa mdogo, na jina jingine akishakua. Kila aina ya samaki ilikuwa na neno lake la mpishi kwa namna ya kuikata, na wavuvi walisuka nyuzi za ndoana kwa singa za mkia wa farasi. Nilimsomea bibi huku akichambua mchele, naye aliniuliza maswali mazuri kuliko mwalimu wangu. Kila mara alimalizia kwa kusema kwamba hata kwao ziwani kulikuwa na namna zake. Kila mara mimi nilifunua ukurasa mwingine.

Chuoni, sasa, nilikuwa nimewaambia watu kwamba kwetu ni Unguja. Waliotoka bara walitaniwa kidogo, na mimi hata utani huo sikuutaka. Basi siku hiyo ninayokusimulia, wanawake wa familia ya baba yako, Waunguja hasa, walikuwa wanakuja baada ya alasiri kunitazama. Asubuhi yake msafiri kutoka Mwanza akamletea bibi furushi la kambare waliokaushwa kwa moshi. Bibi alikuwa amelisubiri karibu mwaka mzima. Harufu ikajaa jikoni, ikaingia na sebuleni. Bibi alipokwenda kuoga, nikalifunga furushi katika mifuko mitatu, nikalitupa kwenye pipa la taka la mtaani, nikarudi kufukiza udi.

Wageni walikuja, wakala halua, wakanywa kahawa. Niliwasimulia samaki wangu wa Waingereza, wakafurahi kupata mkwe msomi. Bibi alikaa pembeni akisikiliza. Walipoondoka aliingia jikoni, akakawia, kisha akaja kuniuliza furushi liko wapi. Nilimwambia ukweli, nikatoka mbio hadi kwenye pipa. Gari la taka lilikuwa limeshapita.

Hakunipigia kelele.

"Samaki wa watu waliokufa zamani umewakaribisha sebuleni," alisema. "Wangu umewatupa jaani. Na mimi je, utaniweka wapi?"

Niliona haya ambayo mpaka leo haijanitoka. Baadaye nilimwendea na daftari, nikamwomba anieleze samaki wa kwao, majina yao na mapishi yao. Akasema, "Nimechoka, mjukuu wangu. Siku nyingine." Alinisamehe, na harusini alinipamba kwa mikono yake mwenyewe, lakini siku hiyo nyingine haikufika. Akafariki. Baba yako nilipomwambia kwetu ni wapi hasa, alicheka tu, akauliza kama kuna kambare aliyebaki.

Mpaka leo naweza kukueleza mpishi wa Kiingereza wa zama zile alivyompasua samaki wa bwawani. Kambare wa bibi yangu alipasuliwa tumboni au mgongoni, sijui. Na wa kumuuliza sina.

Nakuambia haya kwa sababu juzi nilikusikia kwenye simu ukimwambia rafiki yako kwamba sisi ni watu wa Unguja tu. Uongo huo niliutunga mimi, mwanangu, usinisaidie kuubeba. Soma ya Waingereza na ya dunia nzima, lakini ukiulizwa asili yako, taja na Mwanza. Na unipikie chai uje tukae, uniulize ninayoyajua sasa hivi, kabla na mimi sijakuambia, "Siku nyingine."

Mungu akufungulie kila elimu uitakayo, na asikutie haya mbele ya chungu cha nyumbani kwenu. Amin.