Samaki wa Mke Wangu Alipovimba Tumbo

Asubuhi mke wangu alipopelekwa hospitali ya Kitale kwa sababu ya kifua, alipakiwa garini akiwa amefunikwa blanketi mpaka kidevuni, na neno la mwisho alilomwambia binti yetu lilihusu samaki.

"Umtunze mpaka nirudi," alisema. Kikohozi kikamkamata, dereva akaondoa gari.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa karani wa mizigo kwenye stesheni ya Bungoma, na tulikaa katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya reli. Samaki mwenyewe hakuzidi kidole changu cha kati, naye alikuwa na rangi ya chungwa lililoiva. Alikuwa mali ya bibi mmoja mzungu wa Kitale ambaye mke wangu alimlelea watoto kabla hatujaoana. Bibi yule alipokuwa akirudi kwao kabisa, alimpa mke wangu samaki huyo kama kumbukumbu, na mke wangu akampakata njia nzima mpaka Bungoma, ndani ya chupa kubwa ya kioo iliyokuwa ya peremende. Majirani walikuja kumtazama. Wengi walitaka kujua tutamla lini.

Mama yangu alikuja kutoka Sirisia kunisaidia kumlea mtoto. Alipoiona chupa juu ya meza, aliinama akamtazama samaki kwa muda, kisha akanigeukia.

"Na hii mnailisha ili iweje?"

"Ni ya mama ya mtoto," nikamjibu. Hakuuliza tena, lakini kila alipopita mezani alitikisa kichwa.

Binti yangu ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule. Kazi ile aliishika kwa nguvu zake zote. Mvua zilikuwa zimeanza na kumbikumbi walikuwa wakitoka ardhini, basi aliwaokota, akawanyonyoa mabawa, akawatumbukiza chupani mmoja baada ya mwingine. Alimega ugali wa sahani yake mwenyewe akamtupia. Nilimwuliza kwa nini anampa vyakula vingi hivyo.

"Nataka mama akute amenona," alisema.

Samaki alikula kila alichopewa. Kisha akaacha. Alishuka chini kabisa ya chupa, akabana mapezi yake ubavuni na kukaa pale kama kitu kilichosahauliwa. Ukigonga kioo, hageuki. Tumbo lilikuwa limevimba, upande mmoja zaidi ya mwingine. Zamani alikuwa akiogelea huku anaburuta uzi mwembamba wa choo nyuma yake, na binti yangu alikuwa akiucheka. Sasa hakikutoka kitu.

Jioni moja nilimkuta mtoto amepiga magoti kwenye kiti, pua yake imegusa chupa.

"Baba, akikufa, mama pia atakufa?"

"Hapana. Samaki ni samaki na mama ni mama."

Alifikiri. "Sasa akikufa, mama atarudi kuangalia nini?"

Nilitoka nje nikajifanya ninatengeneza ua.

Siku hizo sikuwa na njia ya kupata habari za hospitali isipokuwa kupitia utingo wa basi la Kitale. Dada ya mke wangu alikaa naye wodini, na akiwa na neno alimpa utingo, naye akatuletea stesheni. Jumamosi ile utingo alishuka kabla basi halijasimama vizuri. Alinitafuta kwa macho, na nilipouona uso wake nilishika kaunta.

"Ati homa imepanda," alisema. "Shemeji yako anasema uje."

Bwana stesheni aliniruhusu. Nilipanda basi hilo hilo lilipogeuza. Nilimkuta mke wangu amekalishwa na mito mgongoni, kwa sababu akilala chali pumzi ilikatika. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani. Nesi alinieleza kwamba kuna maji yamejaa kifuani, na Jumatatu daktari angeyatoa kwa sindano. Niliuliza kama kuna hatari. Alisema tuombe Mungu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mke wangu alinishika mkono. "Samaki?"

Niliona uso wake unangoja ukweli, nikamwambia. "Anaumwa. Tumbo limevimba, hali, hatembei."

"Mtoto ameona?"

"Ni yeye aliyeona kwanza."

Alifumba macho. Alikusanya pumzi kidogo kidogo mpaka ikatosha kusema. "Basi usimwache mtoto amwone akifa. Atafikiri ni mimi."

Sikuwa nimemwambia lolote juu ya maswali ya mtoto.

Nilirudi Jumapili. Barabara ilikuwa tope tupu, na tulipopita Misikhu basi lilizama magurudumu ya nyuma. Abiria wanaume tulishuka tukasukuma, mama mmoja mwenye kuku akitusimamia kama nyapara. Nilisukuma mpaka viatu vikabaki kwenye matope, na nakumbuka jambo lililonipita kichwani: nikifika nikute samaki amekufa, nitamzika upesi wapi? Mke wangu yuko taabani, na mimi nawaza kaburi la samaki. Lakini kumuwaza mke wangu sikuweza. Kila nilipojaribu, akili ilikimbia.

Nilipofungua mlango nilimwona binti yangu sakafuni, ameiweka chupa katikati ya miguu yake. Alikuwa amekataa kwenda kanisani na amekataa chakula. Samaki alielea juu, kalala ubavu, tumbo likitazama dari. Nilijua kwamba hajafa kwa kuwa matamvua yake yalikuwa bado yanafunguka na kujifunga, polepole mno.

"Mama yuko wapi?" mtoto aliniuliza bila kuinua macho.

"Yuko hospitali. Kesho daktari atamtibu."

Mama yangu alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Nadhani ni njaa ya mjukuu wake iliyomtoa huko, maana samaki hakumpenda kamwe. Alichuchumaa, akainyanyua chupa kwenye mwanga.

"Huyu amevimbiwa," aliniambia. "Ni ule ugali. Wewe utotoni ulikuwa hivi hivi ukila mahindi mabichi, unalala ubavu na kulia. Asipewe kitu."

"Atakufa njaa!" mtoto akapiga kelele.

"Atakufa shibe ukiendelea. Na wewe ukae hapa ule, ndiyo nimwangalie. Usipokula simwangalii."

Mtoto akala, machozi yakidondokea sahani. Mama alinituma kisimani, tukamwaga maji yaliyochafuka na kutia mengine, nusu tu ili asishtuke. Chupa tukaiweka kizingitini palipokuwa na jua. Samaki aligeuka kidogo, akarudi ubavuni.

Jumatatu nilikwenda kazini kwa sababu kukaa nyumbani nisingeweza. Kabla sijatoka, mama alikuwa amechemsha mboga ya mrenda kama anavyowapikia watoto waliofunga choo, akauponda mpaka ukawa laini. Alichukua kipande kisichozidi punje ya mtama, akakitumbukiza majini. Samaki hakukigusa. "Mwache," mama alisema. "Ataonja akiwa peke yake."

Saa zilikataa kusogea. Niliandika uzito wa magunia ya mahindi, nikafuta, nikaandika tena. Kila nilipotazama saa ya ukutani niliwaza ile sindano. Mchana, treni ya mizigo ikiwa imesimama na abiria wa Uganda wamejaa barazani wakingoja yao, nilimwona binti yangu anakuja mbio kutoka upande wa nyumba. Alikuwa amevaa gauni la shule, miguu mitupu, mikono juu. Mabehewa yalinizuia nisione uso wake. Nilisikia tu vilio vyake, na sikuweza kujua ni vilio vya nini. Nilidhani samaki amekwenda, na pamoja naye nilidhani mambo mengine ambayo mtu mzima hapaswi kuyadhani.

Akatokeza kwenye mwisho wa mabehewa.

"Baba! Amekunya!"

Baraza zima likageuka. Bwana stesheni alitoa kichwa dirishani.

"Amekunya, baba! Ndefu hivi!" Alipima kwa mikono yake, urefu wa samaki watatu.

Watu walicheka, nami nikacheka nao mpaka nikalazimika kukaa juu ya gunia. Mpaka leo sijui kama kilichomponya samaki ni mrenda, au ile njaa, au jua la kizingitini.

Lakini la Kitale lilikuwa bado. Basi la jioni lilifika na utingo akasema hakupewa neno lolote. Nilimwuliza mara ya pili, akaapa. Nyumbani samaki alikuwa wima, akizunguka chupa taratibu, na mtoto alikula bila kuambiwa. Mama yangu alinitazama usoni, akaelewa.

Kesho yake nilisimama barabarani tangu basi la kwanza lilipotegemewa. Utingo alikuwa akipiga mluzi alipotokea mlangoni. Nilipomsikia tu nilivua kofia.

"Shemeji yako anasema wametoa beseni zima la maji," alisema. "Ati sasa analala chali, anakoroma."

Mke wangu alirudi mahindi yakiwa yameanza kutoa mbelewele. Alikuwa mwembamba, na kutoka kituo cha basi mpaka nyumbani tulipumzika mara nyingi. Aliketi kwenye ngazi ya mlango kuvuta pumzi. Binti yetu alikuwa amejificha nyuma ya nyumba. Alitoka baadaye, hakumsalimu, akaweka chupa pembeni mwa mama yake na kusimama mbali kidogo, mikono nyuma, kama anayengoja kukaguliwa.

"Umemtunza," mke wangu alisema.

"Aliumwa."

"Najua. Baba aliniambia." Akanyoosha mkono, na mtoto akaja.

Samaki aliishi na sisi mpaka mwaka uliofuata. Alikufa bila kuvimba wala kuugua, asubuhi tu tukamkuta hivyo. Binti yetu alimtazama, hakulia. Alipomwona mama yake anachukua jembe la kupalilia, alishika pindo la gauni lake akamfuata shambani, na alipoambiwa aende shule hakusikia. Popote mama yake aliposogea, alisogea naye, akimtazama kifua kama bado kinapanda na kushuka. Mke wangu alilielewa hilo mapema kuliko mimi. Hakumrudisha shule siku hiyo. Alimpa jembe dogo, akamwonyesha mstari uliopakana na wake, na wakapalilia pamoja mpaka mvua ilipowafukuza.